Swali la Ishirini na Saba

Fungu lilikuwa na vijitabu hamsini vya majibu. Jumatano asubuhi vilihesabiwa, vikawa arobaini na tisa. Mtunza stoo akarudia, akilowesha kidole kwa ulimi. Mara ya tatu alihesabu kwa sauti, kama mtu anayeomba. Arobaini na tisa vilevile. Kilichokosekana kilikuwa cha mtahiniwa namba kumi na tisa.

Inspekta alifika saa tatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, na labda ndiyo sababu alipewa sajini aliyeitwa Redio. Sajini huyo hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Kimoja tu?" Redio akauliza. "Humu mna vijitabu elfu arobaini, afande, mtu kaja kuchukua kimoja? Huyo si mwizi. Huyo ni mchaguzi."

Mkuu wa kituo cha usahihishaji hakucheka. Alieleza, huku akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu, kwamba vijitabu havina majina ya watoto wala ya shule, vina namba na msimbo tu. Kile kilichopotea kilikuwa kimesahihishwa ukurasa mmoja kati ya kumi na mbili. Na alama zingefungwa Ijumaa saa sita mchana. Mtoto ambaye kijitabu chake hakipo ataandikwa kwamba hakufanya mtihani, na aliyeandikwa hivyo hapati nafasi ya sekondari. Miaka saba ya kuamka alfajiri, basi tena.

"Ni mtoto wa nani?"

"Sijui, Inspekta. Namba zimewekwa ili tusijue."

Kufuli la stoo lilikuwa zima. Alama za vidole kwenye kabati zilikuwa za watu sita, wote wenye haki ya kuligusa. Daftari lilionyesha kuwa fungu lile lilitoka mara moja tu, Jumanne saa nane mchana, kwa ajili ya uhakiki. Sahihi ilikuwa ya mtakwimu wa kituo.

Wenzake walimwita Desimali, kwa sababu hata ukimuuliza hali alikujibu kwa nukta. Alikuwa na miaka hamsini hivi, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande wa mbele tu. Alisema alichukua vijitabu hamsini akarudisha hamsini. Mtunza stoo alikiri kwamba wakati wa kupokea hakuhesabu, kwani Desimali si mtu wa kuhesabiwa.

Inspekta hakumbana. Alivuta kiti akaomba afundishwe kazi inayofanyika pale, na Desimali akachangamka kama mgonjwa aliyeulizwa ugonjwa wake.

"Mtihani ni mizani," alisema. "Ukimpima mtoto leo na kesho, usipate uzito tofauti. Huo ni uthabiti. Lakini mizani inaweza kuwa thabiti kila siku, kumbe inapima kitu kingine kabisa. Kwa hiyo unatafuta na uhalali: je, inapima kile ninachodhani inapima?"

"Na utajuaje?"

Akamwonyesha kwenye kompyuta. Modeli yake ya hisabati iliwapanga watoto wote kwenye mstari mmoja, kuanzia dhaifu hadi hodari, kisha ikaliuliza kila swali: wewe unapatwa na nani? Swali zuri lilichora mstari uliopanda kama kilima, dhaifu wachache huku chini, hodari wengi kule juu. Akafungua la ishirini na nne, la ishirini na tano, la ishirini na sita. Kisha la ishirini na nane.

"Umeruka moja," Inspekta akasema.

Akalifungua. Mstari wa swali la ishirini na saba haukupanda popote. Ulikuwa umenyooka juu kabisa, kama kitambaa cha meza.

"Hili mbona limelala?"

"Ni rahisi. Tisini na nane nukta tatu kwa mia wanalipata."

"Dhaifu na hodari?"

"Wote."

"Sasa linampima nani?"

Desimali akasema linawatia watoto moyo. Inspekta akasema zama zake moyo walitiwa kwenye swali la kwanza, la ishirini na saba mtu ameshakata tamaa. Redio akakohoa kuficha kicheko.

Pembeni, mkuu wa kituo alieleza kwamba kwa miaka mitatu mfululizo kamati ililifuta swali lile, na kila mwaka Desimali aliliombea lirudi, namba zikibadilishwa kidogo, ati linaunganisha mtihani wa mwaka huu na wa mwaka jana. Tena alilihakiki mwenyewe kwa mkono, fungu baada ya fungu, chakula chake cha mchana kikipoa mezani.

Inspekta akarudi kwake.

"Unahakiki maswali gani?"

"Yale ambayo wasahihishaji wanatofautiana."

"La ishirini na saba wanatofautiana?"

"Hapana."

"Basi humo unatafuta nini?"

Desimali akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Rejesta za majina zilikuwa ofisi nyingine, zimepigwa lakiri. Alhamisi asubuhi Inspekta alipata amri ya mahakama, zikafunguliwa. Namba kumi na tisa alikuwa msichana wa shule moja upande wa pili wa mji.

Aliitwa kutoka likizo. Alikuja ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa ameshikwa mkono na mwenzake wa dawati moja, msichana mrefu aliyekataa kumwacha aje peke yake kwa polisi. Inspekta akawakalisha wote wawili. Baba wa namba kumi na tisa alikuwa fundi viatu, naye alisimama mlangoni na aproni yake ya kazi. Hakuna hata mmoja wao aliyemjua mtu wa kituo cha usahihishaji. Binti aliuliza jambo moja tu: kama matokeo yake bado yapo. Inspekta akamwambia ndiyo kwanza yanatafutwa.

Kisha akampa karatasi na swali lenyewe. Machungwa thelathini na nane, familia tano. Kila familia inapata mangapi, na yanabaki mangapi?

Binti akachora vijumba vitano, kila kimoja na mlango wake. Akaanza kugawa nukta, moja hapa, moja pale, mpaka kila nyumba ikawa na saba. Tatu zilizobaki akaziweka nje ya milango.

"Nani amekufundisha kugawanya hivi?"

"Huyu," akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Tangu darasa la tatu. Mimi bila nyumba siwezi."

Yule mrefu aliona haya. "Ni mambo ya kitoto, mama. Mimi mwenyewe niliacha zamani. Baba ndiye alinifundisha, nikiwa mdogo."

"Baba yako yuko wapi?"

"Sijui. Mama hapendi tumtaje." Huku akisema, kiganja chake kilikuwa kimezifunika zile nyumba, kama mtu anayezikinga na mvua.

"Na namba yako ya mtihani?"

"Ishirini. Majina yetu yanafuatana."

Saa tisa mchana hati ya upekuzi ilikuwa juu ya meza ya Desimali. Hakungoja isomwe. Alifungua ripoti nene ya mwaka jana, akatoa kijitabu kutoka katikati, safi, hakina hata kunjo. Inspekta akamkabidhi Redio, naye akakikimbiza chumba cha usahihishaji. Usiku haujaingia, kurasa zote kumi na mbili zilikuwa na alama.

Inspekta alimpa Desimali onyo la kisheria, akaandika maelezo kwa mkono wake.

Mkewe aliondoka miaka sita iliyopita, akamchukua binti yao wa miaka saba. Desimali hakumlaumu. Alisema alikuwa anarudi nyumbani na kazi kichwani, haoni mtu. Alipoanza kuona, nyumba ilikuwa tupu. Ndugu wa mke walimfungia milango, simu zikabadilishwa.

"Nikabaki na jambo moja la uhakika," alisema. "Popote alipo, kuna mwaka atakaa kwenye chumba cha mtihani. Na maswali yanapita kwangu. Nilimfundisha kugawanya kwa nyumba. Niliibuni mimi, haimo kitabu chochote. Nikaweka swali lenye nafasi kubwa ya kukokotoa, nikawa nafunua ukurasa huo. Miaka mitatu, Inspekta. Juzi nikaziona."

"Ungenakili namba ukakiacha."

"Niliinakili. Nikataka kukirudisha kwenye fungu. Mkono ukakataa."

"Ulijua ataandikwa hakufanya mtihani."

"Nilijua. Kila saa nikajiambia saa ijayo nakirudisha." Akatabasamu, na uso wake ukawa wa kijana. "Nipelekeni mnakotaka. Nimeshampata. Niambie tu, amekuwa mrefu?"

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Mwenye kijitabu kile ni binti wa fundi viatu. Nimemwona baba yake."

"Haiwezekani. Zile nyumba..."

"Alifundishwa na rafiki yake. Mrefu ni rafiki yake."

Desimali akavua tena miwani yake.

"Wanasoma pamoja," Inspekta akaendelea. "Mama yake nitakwenda kumweleza mimi. Akikubali, utamwona. Asipokubali, sheria haina la kukusaidia. Binti yako ni namba ishirini."

"Ishirini." Akaitazama mikono yake. "Fungu lile nilifunua lote. Hata baada ya kukitenga kile, niliendelea kufunua, kwa mazoea."

"Najua. Nimekiangalia kijitabu chake kabla ya kuja hapa. Alama ya uhakiki ni yako."

Nje wasahihishaji walikuwa wakitoka kazini, wakiagana. Desimali alingoja sauti zao zipite.

"Aligawanyaje?" akauliza.

"Kama watu wote," Inspekta akasema. "Na amepata."