Kiinua Mgongo cha Mwalimu Donati

Asubuhi Mwalimu Donati alifundisha. Mchana aliamia ndege wasimalize mpunga wake. Ndivyo alivyoishi pale Ifakara, miaka saba baada ya vita vya Maji Maji. Alikuwa mwalimu wa mkataba. Kila mwaka baada ya mavuno aliletewa karatasi mpya ya Kijerumani. Aliitia sahihi bila kujua inasema nini, akaifungia sandukuni.

Jirani yake, Makame, alikuwa mwalimu pia. Walianza kazi pamoja katika shule ileile ya serikali. Lakini Makame aliajiriwa kwa kudumu. Alipostaafu alianza kupokea pensheni, yaani malipo ya uzeeni ya kila mwezi. Sasa alishinda barazani kwake, kanzu safi, akinywa kahawa.

Donati alimwona, na wivu ukamshika.

"Kahawa tena!" alimwambia mkewe, Scolastica. "Tulifundisha watoto walewale. Mimi nikichoka nitapewa nini?"

"Kamuulize karani wa boma," alisema Scolastica. "Kumchungulia Makame barazani hakutakupa kitu."

Donati akafunga mikataba yake kitambaani, akaenda. Alivuka mto Kilombero kwa mtumbwi, akapanda milima mpaka boma la Mahenge, ofisi ya serikali ya Wajerumani. Lakini kuuliza kulikuwa kisingizio tu. Alikwenda kumchongea Makame.

Wakati wa vita shule yao ilichomwa moto. Walimu hao wawili walikimbia na wanafunzi kumi na wanne. Njiani wapiganaji wa Maji Maji waliwazuia. Makame akakubali kunyunyiziwa maji ya dawa, ishara ya kujiunga nao, ili watoto wapite salama. Wajerumani hawakulijua jambo hilo. Wangelijua, pensheni ingekatwa, na Makame angetiwa minyororo.

Karani wa boma aliitwa Bwanaheri. Alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nina habari za Makame. Yeye anapata pensheni. Mimi sipati."

"Mikataba yako unayo?"

Donati alifungua kitambaa. Karani akasoma karatasi moja, kisha nyingine.

"Mwalimu, uliwahi kusomewa hizi?"

"Hapana. Nilitia sahihi tu."

"Basi sikiliza. Mwajiriwa wa kudumu hukatwa kidogo katika mshahara wake kila mwezi. Ndiyo maana akistaafu hulipwa mpaka afe. Wewe hukukatwa, kwa hiyo pensheni huna. Lakini hapa pameandikwa kwamba mwalimu wa mkataba akifanya kazi miaka minane mfululizo, hupewa kiinua mgongo anapoacha. Ni fedha ya mara moja. Sharti aiombe kabla mkataba wa mwisho haujaisha. Akichelewa, hapati."

"Wangu unaisha mwezi ujao!"

"Umewahi. Ila mkataba wa mwaka wa vita siuoni, na bila huo miaka minane haitimii."

"Uliungua na shule. Lakini sikuacha kazi! Tulifundisha kibandani, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro."

"Nani alikuona? Anatakiwa mwalimu aliyefanya kazi nawe, aje hapa mwenyewe."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

"Makame," alisema Donati.

"Na ulisema una habari zake. Habari gani?"

Donati aliitazama kalamu ya karani. Ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Kwamba tulifundisha pamoja," alijibu.

Aliporudi Ifakara alikwenda moja kwa moja kwa Makame. Hakuketi. Alimweleza yote, hata nia aliyokwenda nayo bomani.

Makame akaweka kikombe chini.

"Ulitaka kuniua, Donati?"

"Wivu ulinila. Nilikuhesabia kila kikombe."

Makame alimwaga kahawa iliyobaki.

"Nimekasirika," alisema. "Lakini ulifundisha. Hilo ni kweli, nami nitalisema."

Waliondoka kesho yake. Makame alitangulia mbali mbele mpaka mtoni. Walipofika mlimani, magoti yake yaligoma.

"Nishike mkono," alisema.

Donati alimshika mpaka bomani.

Mkataba ulipoisha Donati aliacha kazi, na kiinua mgongo kilitoka baada ya miezi miwili. Donati na Scolastica walikaa wakapanga, hawakukitapanya. Waliwalipa watu wafyeke shamba la mwinuko, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Wakajenga ghala imara. Fedha iliyobaki wakaiweka akiba ya magonjwa. Mwaka uliofuata walivuna mpunga wa kula na wa kuuza.

Wivu haukuisha siku moja. Lakini sasa Donati alijua Makame alikuwa akilipwa jasho lake mwenyewe.

Siku moja Donati alikuwa shuleni mwalimu mpya, Kelestini, alipoletewa mkataba wake. Kelestini alichovya kalamu kwenye wino upesi. Donati akaufunika mkataba kwa kiganja.

"Umesomewa?"

"Bado, Mwalimu. Lakini wanausubiri."

"Waache wasubiri," alisema Donati. "Twende kwa karani."