Nusu ya Kitabu cha Kihispania

Wiki ya shule kufunguliwa, duka la vitabu huwa halina adabu. Wazazi wanakanyagana, watoto wanajaribishwa mabegi huku wanalia, na muuzaji anajibu watu watano kwa pumzi moja. Katikati ya vurugu hizo, kwenye rafu ya chini ambayo hakuna mzazi aliyeihitaji, mikono miwili ilishika kitabu kimoja cha kujifunzia Kihispania.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa msichana mwenye gauni la buluu na mkanda mwembamba kiunoni. Alifanya kazi duka la miwani, na mtaa mzima ulimwita Miwani ingawa macho yake yalikuwa mazima kuliko ya wateja wake. Mkono wa pili ulikuwa wa fundi friji mmoja mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, kucha bado zina grisi ya asubuhi.

"Samahani, dada. Nilikiona kwanza."

"Wewe ulikiona. Mimi nimekishika."

"Mbona na mimi nimekishika?"

"Basi achia."

Hakuna aliyeachia. Gundi ya kitabu ilikuwa ya zamani, kikachanika katikati, kila mtu akabaki na nusu yake. Muuzaji alinyoosha shingo juu ya vichwa vya watu. "Mmekichana, mmekinunua. Na kingine hakuna, msinisumbue."

Wakalipa nusu kwa nusu, wakatoka nje huku wamenuniana. Fundi aliangalia alichopata: wakati wa sasa, uliopita, ujao. Miwani akaangalia chake: masharti, kutaka, kuamuru.

"Mimi nina nyakati zote," Fundi alisema. "Wewe una nini?"

"Nina mengine yote. Bila mimi hutaweza kumwomba mtu hata maji."

"Na bila mimi hutaweza kusema ulikunywa." Akacheka, na Miwani akajikuta anacheka pia. "Kihispania cha nini, lakini?"

"Nakipenda tu. Wewe je?"

"Mimi pia nakipenda tu."

Waongo wote wawili. Juzi yake redio ilikuwa imetangaza kwamba kampuni moja ya huduma za simu inatafuta mtu wa kuzungumza na wateja wa Kihispania. Nafasi moja tu, na waliojifunza wenyewe wanaruhusiwa kuomba. Miwani aliitaka kwa sababu mwenye duka alikuwa ameshasema atafunga mwisho wa mwaka. Fundi aliitaka kwa sababu alikuwa amechoka kuwa mtu wa kazi za leo ipo kesho haipo, ambaye akienda kuchumbia ataulizwa unafanya nini, atabaki kukohoa. Lakini kazi haisemwi kabla mtu hajakalia kiti. Ukiitaja mapema watu wanakutilia mdomo, au wanaiwahi. Hilo wote walilelewa nalo, na ndilo lililowaponza.

Wakakubaliana kufundishana. Kila jioni duka la miwani likifungwa, Fundi aliingia kwa mlango wa nyuma, wakakaa kwenye viti vya kupimia macho, mbele yao ubao wa herufi kubwa na ndogo. Kitabu kilikuwa na kitenzi kimoja cha mfano, trabajar, kufanya kazi, na Fundi alikianza kama anavyoanza friji, kwa kukifungua.

"Toa ar ya mwisho. Kinabaki trabaj. Hilo ndilo shina, haliguswi. Sasa sisi tunamweka mtu mbele: nafanya, unafanya, anafanya. Wao wanamweka mkiani. Trabajo, mimi. Trabajas, wewe. Trabaja, yeye."

"Trabajamos, sisi," Miwani alisoma begani kwake. "Trabajáis, ninyi. Trabajan, wao. Kwa hiyo bila kusikia mkia hujui nani anafanya kazi?"

"Ndiyo maana usinikatize katikati ya neno, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila mpango. Miwani alijifanya hajalisikia, ila uso wake ulisema mengine. Kufika wakati uliopita, trabajé, trabajaste, trabajó, walikuwa wameshashikana mikono. Kufika ule uliopita wa mazoea, trabajaba, trabajabas, Fundi alikuwa amemwambia wazi kwamba anampenda na hana hila. Ya kwanza ilikuwa kweli.

Mbegu ya shaka ilipandwa nyumbani. Miwani aliishi na dada yake, muuguzi, mwanamke aliyewahi kuachwa na mume aliyesema anakwenda ng'ambo kwa miezi michache.

"Huyo shemeji wa friji," dada alisema huku anakunja sare yake, "friji za hapa zinazungumza Kihispania?"

"Anakipenda tu, dada."

"Na wangu alikuwa anapenda tu ramani. Mwanaume hajifunzi lugha ya watu bure. Ana mtu huko, au ana mtu hapa anayetoka huko. Uchunguze."

Miwani akaanza kuchunguza. Aliona kwamba wakati ujao, trabajaré, trabajarás, Fundi aliufundisha kwa bidii kupita kiasi. Aliona kwamba simu yake ikilia anaitazama kwanza, kisha anatoka nje. Fundi naye hakuwa kipofu. Miwani alikuwa akipokea simu akiwa amegeukia ukuta, akijibu "ndiyo, ndiyo, nashukuru sana" kwa sauti laini ambayo hakuwahi kumpa yeye. Moyoni alishamwona Mhispania mwenye ndevu za kupunguzwa vizuri. Alimchukia mtu huyo kabisa, na mtu mwenyewe hayupo duniani.

"Nani huyo?" aliuliza siku moja.

"Mteja."

"Mteja wa miwani anashukuriwa hivyo?"

"Na wako wa friji anapokelewa nje ya mlango?"

Jioni ile hawakufika mbali. Walisoma masharti, trabajaría, ningefanya kazi, kila mmoja kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi.

Siku chache baadaye Fundi alienda uani kunawa mikono, simu yake akaiacha mezani. Ikalia. Miwani aliitazama, akatazama mlango, akaipokea. Sauti ya mwanamke, tamu, ya taratibu.

"Habari za jioni. Tunamkumbusha fundi kuhusu usaili wa Kihispania, Jumanne asubuhi."

Miwani aliijua sauti ile. Ndiyo iliyompigia yeye mchana wa siku hiyohiyo, na kumkumbusha Jumanne hiyohiyo. Akasema atamwambia, akakata. Hapakuwa na mwanamke wa ng'ambo. Kulikuwa na kiti kimoja na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amemfundisha mwenzake nyakati zote.

Angepaswa kufurahi kwamba hasalitiwi. Badala yake aliona ameibiwa. Kwa hiyo alinifuata kwa ajili ya nusu ya kitabu, alijiambia. Akishaipata, atanipita mlangoni. Hakufikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa anafanya vilevile. Mtu akishuku huwa haangalii kioo.

Fundi alirudi anapangusa mikono. "Nani alipiga?"

"Mtu amekosea namba."

"Haya, laazizi. Tulibaki wapi? Ile ya kutaka."

Ile ya kutaka ndiyo iliyokuwa mgongo wa nusu yake, na Miwani alishaigundua siri yake. A ya mwisho inageuka e, kama sisi tunavyosema anafanya, halafu nataka afanye. Trabaja, trabaje. Mswahili anaishika kwa dakika moja. Alifunua ukurasa, akaufunika.

"Hiyo iache," alisema. "Ya vitabuni tu. Siku hizi wenyewe wanatumia wakati wa sasa, na wanaelewana."

Fundi alimtazama. Alisikia kitu kimepinda katika sauti ile, lakini alidhani ni Mhispania wake wa ndevu. "Una hakika?"

"Nusu hii ni ya nani?"

Wakaruka, wakaingia kwenye kuamuru.

Jumanne, korido ya kampuni ilikuwa na viti vya plastiki na harufu ya rangi mpya. Miwani alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi ya kijani. Fundi alipotokea mwisho wa korido na tai ya kuazima, alisimama.

"Kumbe Mhispania wako ndiye huyu," alisema.

"Mhispania gani?"

"Miezi yote hii unanifundisha na kunificha."

"Na wewe ulinitangazia?"

Fundi alikaa, akaacha kiti kimoja wazi kati yao. Kisha akageuka polepole. "Hukushtuka kuniona. Ulijua."

Mlango ulifunguliwa, Miwani akaitwa, akaingia.

Ndani walikuwa watu wawili, mzee mmoja mpole na mwanamke wa sauti tamu. Walimpa sentensi za wateja azigeuze kwa Kihispania. Nataka fundi anisaidie. Naomba mfanye kazi Jumamosi. Afadhali apige tena. Zote za kutaka, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Miwani alizijibu moja baada ya nyingine, na kila aliyoijibu ilimchoma, maana alijua nani anafuata kwenye kiti hiki na amebeba nini kichwani.

Alipotoka, Fundi alikuwa amesimama tayari. Miwani akamshika mkono wa shati.

"Nisikilize. Ile ya kutaka, nilikudanganya. Wanaiuliza yote. Geuza a iwe e. Trabaje, trabajes, trabajemos. Kama sisi, afanye, ufanye, tufanye. Basi, ni hivyo tu."

Fundi aliangalia mkono uliomshika, kisha macho ya Miwani. Yalikuwa yamelowa. Angejuaje ni machozi ya nini? Aliyemdanganya mara moja kwa upole uleule, nani kasema hamdanganyi tena, sasa hivi, mlangoni, wakati ndio mzuri wa kumchanganya mtu?

"Ahsante," alisema, kwa sauti ya kumshukuru konda. Akaingia.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya wiki. Nafasi ilikuwa ya Miwani. Dada yake alipiga vigelegele jikoni. Miwani aliketi kitandani, akampigia Fundi. Hakupokea. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu alipokea, nyuma kunasikika mlio wa mashine.

"Hongera," alisema.

"Uliwajibu nini?"

"Nini?"

"Zile sentensi. Uliwajibu nini?"

Mashine ikazimwa.

"Nilitumia wakati wa sasa," Fundi alisema. "Zote. Yule mama alinitazama kwa huruma kuanzia ya pili. Nilipofika ya nne nilijua ulikuwa umeniambia kweli, lakini nikaona nikigeuza sasa ni kama nakiri nilikosea kutokuamini. Nikaendelea hivyohivyo."

"Kwa nini hukuniamini?"

"Wewe kwa nini ulinidanganya?"

Miwani alilia, akasema ataikataa kazi, atawapigia leo.

"Usiniongezee kosa," Fundi alisema. "Ukiikataa tutakosa wote, halafu utanichukia kila mwisho wa mwezi. Chukua kazi."

"Na wewe?"

"Mimi nina friji."

Walikutana jioni hiyo nje ya duka la miwani, ambalo lilikuwa limeshaanza kufungashwa. Fundi alikuja na ovaroli, hakupita nyumbani kubadili. Walikaa ngazini, magoti yao yanakaribia kugusana.

"Nilikuwa naitaka ile kazi ili nije kwenu," alisema. "Dada yako angeniuliza nafanya nini, nimjibu kwa kinywa kipana. Sasa nakuja bila jibu. Nataka kukuoa."

Miwani alimtazama kwa jicho lile la kupimia watu, la kuwaambia wasome mstari wa chini kabisa.

"Ungesema wiki mbili zilizopita ningeruka," alisema. "Leo nina kazi, wewe huna. Nitajuaje unanioa mimi au unaoa mshahara?"

Ilimuuma Fundi, na akaonyesha imemuuma. "Hutajua," alisema mwishowe. "Naweza kuapa mpaka usiku, na usiku ukaniuliza tena. Na mimi ukinipikia chai nitaitazama kwanza. Tumeshafikishana hapo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila mtu akashuku kwake, au tushukiane nyumba moja. Mimi naona nyumba moja. Angalau nitakuwa nakuona."

Miwani alicheka huku anafuta pua kwa mgongo wa mkono. Alimwambia aje Jumamosi, dada yake hana zamu siku hiyo, na asithubutu kuja na ile tai ya kuazima. Fundi aliuliza kama dada ataamini kwamba haendi ng'ambo.

"Hataamini," Miwani alisema. "Njoo hivyohivyo."