Mawingu Ajifunza Kuitika

Asubuhi za Gesima huanza polepole. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka jua liubembeleze uondoke. Ukisimama kwenye mstari wa chai huoni mwisho wake. Unasikia tu mikono ikichuma, na ng'ombe akilia mahali fulani, kana kwamba analia ndani ya usingizi.

Nyanchoka aliipenda saa hiyo. Alichuma chai huku akizungumza na mbwa wake, Mawingu. Alikuwa mbwa wa rangi ya kijivu. Sikio moja lilisimama, jingine lililala. Kitindamimba wa Nyanchoka, Celestine, ndiye aliyemleta nyumbani, mbwa akiwa bado mdogo, amemfunika kwa sweta. Baadaye Celestine alikwenda kufanya kazi ng'ambo, na mbwa akabaki na mama. Nyumba ilipokuwa kimya sana, Nyanchoka alimsimulia Mawingu habari za kuku, za mvua na za magoti yake. Mawingu alisikiliza vizuri kuliko watu wengi.

Lakini akiitwa, hakuja. Alikimbia.

Siku moja aliruka ndani ya kikapu cha jirani yao, Persis, pale kwenye kituo cha kununulia majani chai. Majani yote yalimwagika kwenye matope. Nyanchoka aliita, "Mawingu, njoo! Njoo hapa!" Mawingu akakimbia zaidi, akamwaga na kikapu cha pili.

Persis hakugomba. Aliinama tu, akaanza kuokota majani safi moja moja. Nyanchoka akaona haya zaidi kuliko kama angetukanwa.

Jioni mumewe, Makori, alisema, "Mama Celestine, nimechoka kuomba watu radhi. Mpwa wako Ondieki akituletea mbegu ya viazi, atarudi na huyu mbwa kwao Nyansiongo."

"Baba Celestine, huyu ni mbwa wa mtoto."

"Mtoto yuko wapi? Sisi ndio tuko hapa."

Nyanchoka aligeukia mafiga. Alifunika moto kwa majivu, akaenda kulala.

Wiki hiyo akaja Adongo, daktari wa mifugo. Alikuwa mzaliwa wa upande wa ziwani, lakini alikaa Gesima karibu na soko. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, akiwachanja mbwa dhidi ya kichaa.

"Mwiteni mgonjwa wangu," alisema akicheka.

"Mawingu, njoo!" Nyanchoka aliita.

Mawingu alitokeza kichwa kwenye migomba. Akaufyata mkia, akarudi ndani.

"Yawa!" Adongo alishangaa kwa lugha ya kwao. "Mama, huyu akija ukimwita, unamfanya nini?"

"Namfunga. Huku kwetu mbwa hufungwa mchana, usiku anafunguliwa."

"Na wakati wa kula, unamwita?"

"Kumwita kula? Namwekea ugali nyuma ya jikoni. Pua anayo."

"Na wewe, Mzee?"

Makori alikohoa. "Mimi namwita akifanya makosa. Akija namchapa, ili ajue."

"Kwa hiyo akisikia 'njoo', anajua kuna kamba au kuna fimbo," Adongo alisema taratibu. "Mzee, ungekuwa wewe, ungekuja?"

Makori alifikiri, kisha akacheka bila kutaka. "Mimi ningehamia mbali, hadi Tabaka."

Nyanchoka hakucheka. Aliitazama ile migomba iliyotulia. Alijiona akiita kila asubuhi, kwa sauti yake mwenyewe, na kamba ikiwa imefichwa nyuma ya kanga.

"Daktari, bado anaweza kujifunza?"

"Anaweza. Mbwa hana kinyongo kirefu kama sisi."

Adongo alitoa omena wakavu, dagaa wa kule ziwani, kutoka kwenye mfuko wake. Hakuita. Alichuchumaa, akatazama pembeni, akatupa omena mmoja karibu na migomba. Kisha mwingine, karibu zaidi. Mawingu alikuja akinusa mpaka miguuni pake.

"Sasa tazama, Mama." Adongo alishika omena juu ya pua ya Mawingu, akaupeleka mkono nyuma kidogo, kuelekea kichwani. Mawingu aliinua kichwa kuufuata, na makalio yakashuka yenyewe chini. "Kaa," Adongo alisema, na papo hapo akampa omena. "Umeona? Sikumsukuma. Mpe saa ile ile anapotii. Ukichelewa, hajui unamshukuru kwa nini."

"Na 'njoo'?"

"Anza karibu, akiwa na njaa. Mwite mara moja kwa sauti tamu. Akija, mpe, msifu, mwache aende zake. Akizoea, mwite kutoka mbali kidogo. Ukitaka kumfunga, usimwite. Mfuate wewe mwenyewe. Na wote wawili mtumie neno lile lile."

Kisha akamchanja. Mawingu alikuwa bado anatafuna, hata hakugeuka.

Nyanchoka alianza kumfundisha kwa muda mfupi, kabla ya chakula, kabla mbwa hajachoka. Makori aliketi kwenye kigoda akitania.

"Kaa, kaa, kaa, kaa! Haya, mbona hakai?"

"Daktari alisema mara moja. Wewe unamwimbia."

Siku moja Mawingu aliiba yai. Makori akamwita, mbwa akaja akitikisa mkia, na Makori akampiga kofi. Siku iliyofuata Mawingu hakumjia mtu yeyote. Nyanchoka alikaa chini kwenye nyasi, akaanza tena kwa kutupa omena, kama siku ya kwanza. Hakumlaumu mumewe. Lakini Makori aliona, na kigodani hakutania tena.

Polepole Mawingu alijifunza kuja, kukaa na kutulia. Alijifunza hata mchezo. Nyanchoka aliposema "Nisalimie," aliinua mguu wa mbele, kama mzee anayetoa mkono baada ya ibada.

Ondieki alikuja asubuhi moja, ukungu ukiwa mzito kama maziwa. Alishusha magunia ya mbegu, akatoa kamba ya kumchukulia mbwa. Wakati huo huo kuku akakurupuka kuelekea barabarani. Mawingu akamfuata, akamezwa na weupe.

Kutoka juu ya kilima ulisikika mngurumo. Lilikuwa lori la majani chai, likishuka.

Nyanchoka alitaka kupiga kelele. Akavuta pumzi kwanza. Kisha akaita, kwa sauti ile ile ya pale kwenye nyasi, "Mawingu, njoo!"

Mara moja tu.

Taa mbili za njano zilipita ndani ya ukungu. Ardhi ikatetemeka. Lori likaenda zake. Nyanchoka alitazama weupe ule usio na kitu.

Kisha weupe ukawa kijivu kidogo. Kijivu kikawa na sikio moja lililosimama. Mawingu alitoka, amelowa umande, akaketi mbele yake.

Nyanchoka alipiga magoti, akamsifu mpaka maneno yakamwishia.

"Shangazi," Ondieki alisema, "huyu ndiye mbwa asiyesikia?"

"Nisalimie," Nyanchoka alisema. Mawingu akampa Ondieki mguu wenye matope, naye akaupokea kwa mikono miwili.

"Ondieki, rudisha kamba yako kwenye gari," Makori alisema. "Ndizi za kupeleka nyumbani utapewa. Mbwa, hapana."

Siku hizi Mawingu huketi kando ya vikapu kituoni mpaka aambiwe aende, na Persis humrushia kipande cha kiazi. Wachumaji wengine wameanza kuwafundisha mbwa wao.

Lakini Nyanchoka hukumbuka zaidi jioni ya siku ile ya lori. Makori alisimama uani peke yake, akadhani hakuna anayemwona. Alikuwa na omena mkononi. Alilainisha sauti, akaita, "Mawingu, njoo."

Mbwa alisimama, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwake.