Diski Mpya ya Mzee Tabasamu

Kila asubuhi Mzee Tabasamu alifungua dirisha la sebuleni. Alipangusa laptopu yake kwa kitambaa laini, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kisha aliiacha hapo, akaenda kuoga. Akamwagilia maua yake kwenye makopo. Akanywa chai. Aliporudi, laptopu ilikuwa bado haijawaka vizuri.

"Baba, hiyo si kompyuta tena," alisema binti yake. "Hiyo ni kobe mwenye kioo."

"Kobe hufika, mwanangu."

Binti yake alikuwa nesi. Tangu mama yake alipofariki, waliishi wawili tu katika nyumba ile.

Zamani mzee alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa na pazia la bluu na stuli moja ndefu. Kabla ya kupiga picha alisema kwa sauti, "Tabasamu!" Jina likamganda. Watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu, viatu vinang'aa. Watoto walilia wakiona taa kubwa. Siku hizi kila mtu anajipiga picha mwenyewe kwa simu. Pale palipokuwa na studio, sasa panauzwa magodoro. Kamera imeharibika, na pazia halijulikani lilipo. Zimebaki picha tu, na zote zimo ndani ya laptopu ile.

Jumamosi moja jirani yao, mshonaji wa nguo, alibisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Nimekuja na shida. Picha ya marehemu mama imeloa maji ya mvua. Uso wote umefutika. Nilikuwa nayo hiyo moja tu, na wanangu hawakumwona bibi yao. Nikakumbuka ni wewe uliyempiga picha."

Mzee alicheka. "Mama yako! Alikataa kukaa kwenye stuli. Aliniambia yeye si kuku wa kulala juu. Picha yake ninayo. Subiri."

Akawasha laptopu. Wakasubiri. Wakaulizana habari za watoto, habari za kazi, habari za mvua. Kioo kikabaki cheusi. Mara laptopu ikaanza kulia: tik, tik, tik.

Mzee aliipiga kofi ubavuni. Ikalia zaidi.

"Baba, usiipige!" alisema nesi. "Bora tununue nyingine. Hii tuwape wauza vyuma chakavu."

"Na picha je?"



"Kwani zimo humo tu?" aliuliza mshonaji.

"Humo tu," alijibu mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nesi akavaa kandambili, akaenda kumwita Mama Pacha. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta, naye aliishi mtaa huohuo. Alikuja na mkoba wake. Aliinama, akasikiliza mlio.

"Izimeni sasa hivi," alisema. "Wala msiiwashe tena. Kila mkiiwasha mnaiumiza."

"Nilidhani kofi moja litaiamsha," alisema mzee.

"Mzee wangu, mgonjwa haponi kwa makofi."

Wote wakacheka, hata mzee. Mama Pacha akatoa bisibisi ndogo. Aligeuza laptopu, akatoa betri kwanza. Akafungua kifuniko cha chini, akachomoa kidude bapa, kidogo kuliko kiganja.

"Hii ndiyo diski," alisema. "Ni ghala la kompyuta. Picha zote zinakaa humu. Ndani yake mna sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma. Vikichakaa, kompyuta inakuwa nzito. Vikianza kulia hivi, diski iko karibu kufa."

"Kwa hiyo laptopu nzima imekufa?" aliuliza nesi.

"Hapana. Mengine yote ni mazima. Tutaweka diski ya aina mpya, inaitwa SSD. Haina sahani wala kitu kinachozunguka, kwa hiyo inasoma haraka sana. Umbo lake ni sawa na hii, itaingia palepale. Na bei yake ni nafuu kuliko laptopu mpya."

"Basi weka hiyo mpya," alisema mzee.

"Ngoja kwanza. Diski mpya inakuja tupu. Ni lazima tuokoe picha kabla ya yote. Siwezi kukuahidi kwamba zitatoka zote."

Mzee alimtazama fundi akiondoka na diski ile. Usiku ule hakula vizuri. Alikaa akikumbuka nyuso: bwana arusi aliyevaa koti la kuazima, mapacha waliogombania mdoli mmoja, mke wake akiwachana wateja nywele mbele ya kioo cha studio. Nesi alikaa karibu naye. Hakusema tena habari za vyuma chakavu.

Siku chache baadaye Mama Pacha alirudi. Mzee alisimama hata kabla ya kuuliza ni nani anayebisha hodi.

"Chache zimeharibika," alisema fundi. "Nyingi zimetoka salama, nami nimeshazihamishia kwenye diski mpya pamoja na programu za kuendeshea kompyuta."

Alipachika diski mpya, akafunga skrubu, akarudisha betri. "Washa, mzee."

Mzee akabonyeza kitufe, akanyanyuka kwenda jikoni kama kawaida yake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza nesi. "Imeshawaka!"

Mzee alirudi mbio. Hakuamini macho yake. Mshonaji aliitwa, na picha ya mama yake ikapatikana. Mama alikuwa amesimama kando ya stuli, mkono kiunoni, anacheka. Mshonaji aligusa kioo kwa kidole. Machozi yakamtoka.

"Nisikilizeni," alisema Mama Pacha. "Hata diski mpya inaweza kufa siku moja. Kitu unachokipenda usikiweke mahali pamoja tu. Nimewanakilia picha kwenye diski nyingine ya nje, ya kuchomeka kwa waya. Msiiweke katika nyumba hii. Ikitokea moto au wizi, zote zitapotea pamoja."

"Nitaiweka kabatini kwangu, kazini," alisema nesi.

Jioni ile baba na binti walikaa mbele ya laptopu. Picha zilifunguka moja baada ya nyingine, bila kusubiri.

"Huyu mwenye kofia ni nani?" aliuliza nesi.

"Huyo alikuwa fundi wetu wa viatu. Aliimba siku nzima."

"Na hawa mabinti?"

"Dada zake. Mdogo alikuwa rafiki wa mama yako."

Nesi aliacha kufungua picha. Alimtazama baba yake.

"Baba, picha tumezinakili. Lakini majina haya yamo kichwani mwako tu."



"Ni kweli," alisema mzee.

Nesi akavuta laptopu karibu. Mzee akaanza kutaja watu, polepole, na nesi akawa anaandika jina la kila mmoja chini ya picha yake.