Gari Lililokunywa Kidogo Mno

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kupakia trei za mayai kwenye gari. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shika trei kwa chini, si pembeni!" Mama alisema. "Mayai hayadundi."

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na lilikunywa mafuta kana kwamba linalipwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana Chiriku, baada ya kujifunza darasani jinsi hewa inavyokizuia kitu kinachokwenda kasi, alirudi nyumbani na mpango.

"Mama, upepo unalishikilia gari letu. Tukilirekebisha umbo, litapita kwa urahisi."

"Haya, rekebisha. Lakini ukiniharibia injini, utalisukuma wewe."

Jumamosi wakaingia kazini. Walishusha keria ya paani iliyokuwa haibebi chochote. Wakakata plastiki ngumu kutoka kwenye pipa bovu, wakafunika sehemu ya juu ya magurudumu ya nyuma na kukaza kwa skrubu. Chini ya bampa la mbele wakafunga ubao mwembamba ili upepo usijazane chini ya gari. Chiriku alitaka kuziba na matundu ya mbele, Mama akakataa katakata. "Injini nayo inapumua, mwanangu."

Kaka yake alipoliona gari, alicheka mpaka akashika ukuta. "Limevaa sketi!"

"Sketi inayookoa mafuta," Chiriku alijibu. "Suruali yako inaokoa nini?"

Ikabaki kupima. Wangejaza tangi, wazunguke na mayai wiki nzima kama kawaida, kisha wajaze tena. Mafuta yatakayoingia mara ya pili ndiyo yaliyotumika. Mama alikuwa na wateja wake jirani na kituo cha mafuta, kwa hiyo usimamizi wa pampu akamwachia Chiriku.

Siku ya kwanza, dada wa pampu aliuliza, "Nijaze ya kukata au ya shingoni?"

Ya kukata ni pale pampu inapojizima yenyewe. Ya shingoni, dada hulitikisa gari hewa itoke, akaongeza polepole mpaka mafuta yaonekane mdomoni mwa tangi.

"Ya shingoni," Chiriku alisema.

Wiki ilipokwisha, pampu ilikata mapema. Dada akauliza, "Niongeze mpaka shingoni?"

Chiriku aliangalia namba. Ilikuwa nusu tu ya mafuta ya wiki nyingine yoyote! Alijua vizuri kwamba tangi halijafika pale lilipoanzia. Lakini namba ile ilikuwa tamu, na kaka yake alikuwa amecheka sana.

"Inatosha, dada."

Nyumbani Mama alipiga vigelegele. Chiriku akatembea kifua mbele mpaka usiku.

Asubuhi Mama alitangaza safari. Mafundi wa barabara, kambini kwao huko ng'ambo ya milima, walihitaji mayai mengi. Njia nzima haikuwa na kituo cha mafuta.

"Shusha dumu la mafuta ya akiba," alimwambia kaka. "Gari siku hizi linaonja tu. Hapo zikae trei."

Akilini Chiriku aliiona safari hiyo. Alimwona Mama peke yake porini, gari limezimika, mayai yakipikika juani. Mama alipowasha injini, Chiriku alikimbia akasimama mbele ya bampa.

"Mama, zima! Nilidanganya. Mwanzo tulijaza ya shingoni, jana nikakubali ya kukata."

Mama alizima. Akafungua mlango. "Ingia."

Kituoni, Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpaka shingoni." Mafuta yakaingia, yakaingia, na Chiriku akatamani kujificha chini ya kiti. Hata hivyo, walipojumlisha na ya jana, bado gari lilikuwa limetumia pungufu kuliko zamani. Si nusu. Kidogo tu, lakini kweli.

"Kumbe inafanya kazi!" Chiriku alinong'ona.

"Inafanya. Kwa nini uliisaidia kwa uongo?" Mama aliuliza. "Ulikata plastiki vizuri, skrubu umekaza mwenyewe. Kazi ile ilitosha kusimama bila kusaidiwa. Namba yako nzuri ilikuwa inipeleke nilale porini. Mtu akikuamini, anafunga safari kwa neno lako. Kwa hiyo pima sawasawa, na matokeo yakiwa madogo, yaseme yalivyo. Madogo tutayaongeza."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Sasa twende tukalipakie lile dumu, halafu ukimbie shule. Jumamosi tunatafuta njia ya kufunika na chini ya tumbo la gari, na safari hii kaka yako atashika skrubu."