Siwatu Akiitwa

Jirani yetu fundi cherehani hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alipojifungua binti, mama mkwe wake alifika wodini, akamfunua mtoto, akamkagua kama nyanya za kununua, akasema, "Pua hii kwetu haipo." Akamfunika, akaenda zake. Mawifi wakaitembeza kauli hiyo mtaa mzima, na mume, mwanamume mzima jamani, akainamisha kichwa kama hayamhusu.

Fundi alilia siku mbili. Siku ya tatu akafuta machozi, akambeba mwanawe hadi ofisi ya kuandikisha vizazi.

"Jina?" akauliza karani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Siwatu."

Karani akaweka kalamu chini. "Mwanangu, nani kakukosea?"

"Wakwe zangu. Si watu wale! Nataka kila nikimwita mtoto, wasikie."

Mzee akatikisa kichwa. Akamweleza kuwa ndivyo jina hilo lilivyozaliwa: wanawake waliosemwa na kuonewa, wasio na pa kujibia, walijibu kwa jina la mtoto. Zamani aliliandika kila wiki. Ukiita Siwatu mmoja njiani, waligeuka sita. Kisha likapungua. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa hajaliandika hata mara moja.

"Limepitwa na wakati tu," fundi akasema. "Siku hizi watu wanataka majina ya kwenye televisheni."

"Hujanielewa. Anayemwita mwanawe Furaha, anaita furaha. Wewe kutwa mara ishirini utakuwa unaita nani?"

"Andika, mzee wangu."

Akaandika.

Miaka sita ikapita, na jina likafanya kazi yake barabara. Nyumba ya mama mkwe ilitazamana na ya fundi, dirisha kwa dirisha. Fundi alisimama mlangoni, akavuta pumzi, "Siwatuuu!" hata kama mtoto yuko miguuni pake. Ng'ambo dirisha lilifungwa kwa kishindo. Naye alirudi kwenye cherehani yake, roho kwatu.

Kisha siku moja aliita, mtoto akaitika jikoni, "Abee!" Na nyuma ya nyumba pia, "Abee!" Sauti ile ile. Fundi akadhani ni mwangwi.

"Mama," mtoto akauliza wakila, "mbona wale wengine wakiitika huwajibu?"

"Wengine gani?"

"Akina somo. Tunaitwa jina moja. Wanasema siku hizi hakuna anayewaita ila wewe."

Mkono wa fundi ukabaki hewani na tonge lake. Toka siku hiyo hakulitamka tena. Akawa anaita "binti," anaita "mama mdogo," anaita chochote kile.

Lakini mdomo uliponza kichwa. Mama mkwe alipoona kimya, akadhani ameshinda. Jumamosi mchana, jua la utosi, akavuka njia na kusimama mlangoni kwa fundi, mikono kiunoni.

"Leo kinywa kimekauka? Mwite basi! Mwite nisikie!"

"Mama, nakuomba. Nitakupigia magoti. Usilitaje."

"Ala! Siku zote linakutoka, leo ndiyo unaona haya? Basi nitamwita mwenyewe. Siwatu!"

"Abee."

Chumbani.

"Abee."

Nyuma ya mlango.

"Abee. Abee. Abee."

Chini ya meza ya kukatia. Darini. Karibu na sikio la bibi kizee. Bibi akaketi sakafuni pale pale.

Mtoto akatoka chumbani, akamkimbilia mama yake. Fundi akamkumbatia kwa nguvu, akamshukuru Mungu. Nyumba ikatulia. Cherehani ikasimama yenyewe, na fundi hakujua ilianza kuzunguka saa ngapi.

Ndipo kabatini mule chumbani mtu akalia, taratibu.

"Mama. Mimi niko huku."

Fundi akaingia na mtoto kiunoni, akafungua kabati. Nguo tu. Akazitupa zote nje. Chini kabisa palikuwa na jino la utoto, jeupe, lenye damu mbichi.

Akamgeuza mtoto aliyembeba. "Fungua mdomo."

Meno yote yalikuwepo.

"Mwite," mama mkwe akanong'ona, machozi yakimtoka. "Mwite mwanao atoke. Nimekosa mimi. Mwite!"

Fundi akafungua kinywa. Jina likafika ulimini, likakwama. Maana angeita nani, na angetoka nani? Kiunoni pake yule mtoto alimtazama, akisubiri kuitwa.

Hakuita. Hajaita mpaka leo, na kwa hilo hajisamehe. Jino analo, kaliviringisha kwenye kitambaa. Yule aliyebaki anakula, anasoma, ana heshima kwa bibi yake. Ana miaka kumi na miwili sasa, na hajang'oka hata jino moja.