Si Warudi, Ni Waridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alifua nepi za mdogo wake. Alifua mbio, akaanika mbio, na uji akaunywa amesimama. Kuandika ndiyo usiseme! Herufi zilikimbizana, na nukta juu ya i hakujishughulisha nazo. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo.

Mdogo wake aliitwa Waridi. Alizaliwa kabla ya siku zake, kadogo, kamejikunja kama tumba la ua. "Tumba nalo hufunguka," mama alisema, akampa jina la ua alilolipenda kuliko yote. "Na miiba anayo," baba alitania. "Hamsikii kelele zake?"

Asubuhi hiyo kelele hazikuwapo. Mtoto alichemka kwa homa, kifua kikipanda na kushuka upesi upesi. Baba alikwisha kwenda kazini. Mama alimbeba, Chapuchapu akashika daftari la kliniki, hao wakakimbilia zahanati.

Mlangoni karani aliwapa kipande cha karatasi. "Andikeni jina la mgonjwa, mkibane juu ya daftari."

Chapuchapu akaandika, akalitupia daftari mezani.

"Umeandika vizuri?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Wakangoja. Waliokuja nyuma yao waliitwa, wakatibiwa, wakaenda zao. Waridi aliacha kunyonya, kisha akaacha hata kulia. Mama akaenda mezani. Karani wa kwanza alikwisha kumwachia mwenzake zamu.

"Kaka yangu, mwanangu ananifia!"

Karani akapekua madaftari yaliyowekwa kando. "Lakini mama, ninyi daktari ameshawaona. Si yeye kaandika hapa 'Warudi'? Nimeliweka daftari lenu pamoja na ya kesho."

"Katuona saa ngapi? Jamani, nimewakosea nini?" Mama alilia mbele za watu.

Chapuchapu aliichungulia karatasi. Mwandiko ulikuwa wake. Ile i ya katikati, isiyo na nukta, ilikuwa imeng'ang'ania d, ikasomeka u. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, lawama zote zitamwangukia karani. Lakini midomo ya Waridi ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Si warudi, ni Waridi! Ni jina lake, nimeliandika vibaya!"

Muuguzi akatoka mbio, akamnyakua mtoto, akampeleka kwa daktari. Saa nzima Chapuchapu alikaa sakafuni akilia na kumwomba Mungu. Hatimaye muuguzi akatokea, akijifuta jasho.

"Anapumua vizuri sasa. Atapona."

"Nisamehe, mama," Chapuchapu alisema kwa kwikwi. Mama akamvuta kifuani.

Muuguzi akachutama mbele yao. "Sikiliza, mwanangu. Mtoto mchanga hawezi kujitaja. Wewe ndiye uliyemtaja, nawe ulikuwa na haraka. Na sisi tulisoma bila kuuliza, hilo ni kosa letu. Jifunze kuandika taratibu. Lakini ungenyamaza kwa aibu, mpaka sasa tungekuwa tunabishana pale mezani, na yeye asingetungoja."